Faiba ya Tangi Waliiita Nywele za Maiti

Admin, nifiche jina lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, niliolewa Marani, na sasa niko kwa kaka yangu Nyansiongo nikikamua ng'ombe wasio wangu. Nina mtoto mmoja, msichana wa miaka saba, na yuko Marani kwa baba yake. Kwetu mahari ikishatolewa mtoto ni wa boma la mume, kwa hivyo msinianzie na "si umchukue tu uondoke."

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza matangi ya petroli ya maboti madogo. Ndiyo, mwanamke, na ndiyo, Kisii ambako hakuna ziwa. Nilijifunza faiba kwenye gereji mjini nikisugua bampa za magari. Siku moja mvuvi kutoka upande wa ziwa akauliza kama tunaweza kumtengenezea tangi lisiloshika kutu. Mwenye gereji alicheka. Mimi nilienda nyumbani nikajaribu. Nilifunika katoni ngumu kwa nailoni, nikapanga juu yake vipande vya faiba vilivyotupwa gereji, zile nyuzi nyeupe za kioo, nikavilowesha kwa gundi yenye matone ya maji makali ya kuigandisha. Ikikauka natoa katoni, nabandika mfuniko, najaza hewa na kupaka povu la sabuni nione kama kuna mahali panapopumua. Hakuna tangi langu lililovuja. Mume wangu ni mwendesha boda. Faiba yote aliibeba yeye kutoka mjini, na matangi aliyapeleka ziwani yeye. Hilo mlishike vizuri.

Shida ilianza na kuwashwa. Vumbi la faiba ni kioo kilichosagwa, likiingia nguoni utajikuna mpaka damu. Mama mkwe alichukua turubai nililosugulia matangi akaanikia nafaka yake ya wimbi. Nikamwambia, "Mama, hiyo turubai inawasha, nikupe ingine." Akanijibu, "Kitu ya mtoto wangu haiwezi niwasha." Haya. Baada ya siku chache boma zima lilikuwa linajikuna. Nikiwa shambani nachuma majani chai, wifi yangu aliingia kwangu akatoka na gunia la faiba. Nyuzi ndefu, nyeupe, laini. Akapiga nduru kwamba ni nywele za maiti.

Nilipofika, ua ulikuwa umejaa watu wakipiga kelele, "Omorogi! Omorogi!" Mchawi ni mimi. Mtu wa kwetu akisikia neno hilo haulizi mara mbili, anatafuta kiberiti. Mume wangu alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake. Nikamwambia, "Si uwaambie hii ni nini?"

Akaangalia tairi la mbele. "Mimi hiyo kitu siijui. Mambo ya huko ndani muulizeni mwenyewe."

Nikaona niwaonyeshe kazi yenyewe ilivyo. Nikaleta kopo la gundi. Kulikuwa na mawingu, baridi huchelewesha gundi, na niliogopa isije ikachelewa kuganda mbele yao, basi nikamimina yale maji makali bila kuhesabu matone. Wenye kazi hii wanajua kinachofuata. Ukizidisha, gundi hupata joto yenyewe. Kopo lilichemka mikononi mwangu, moshi ukapanda, na hapakuwa na moto popote. Mama mkwe akasema, "Mmejionea." Jiwe la kwanza lilinipata begani. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta akanisukumia ndani ya gari lake, na msidhani aliniamini. Njiani aliniambia hataki damu karibu na kanisa.

Nilipompigia mume wangu simu alisema, "Ningesema najua, wangetuchoma wawili. Si afadhali mtoto abaki na mzazi mmoja?" Wiki hiyohiyo aliyapeleka ziwani matangi mawili niliyoacha yamekauka. Hayo hayakuwa ya uchawi. Namchukia jamani, sitawadanganya.

Sasa ameleta sharti. Nisimame mbele ya kanisa siku ya Sabato, nikiri kwamba nilikuwa mchawi na nimeacha. Nitaombewa, nitasamehewa, nitarudi kulea mtoto wangu. "Ni maneno tu," anasema. "Sema yaishe." Maneno tu! Kwetu watu wanaamini uchawi mama humrithisha binti. Nikikiri nitakuwa nimekiri kwa niaba yake pia. Atakua akiitwa mtoto wa omorogi, hakuna boma litakalomposa, na siku mtu akiugua wataanzia kwake. Waswahili walisema mchawi mpe mwanao amlee. Mimi wamenipokonya hata wangu.

Nilikuwa nimekata kauli ya kukataa. Kisha juzi mume wangu akamleta mtoto Kisii mjini tuonane, maana Marani siwezi kukanyaga. Amekonda kidogo lakini anacheka vilevile. Tulikaa pembeni mwa soko tukila ndizi, akinihadithia shule, kuku, rafiki zake. Halafu akaniambia, amefurahi kabisa, "Mama, nyanya amenipa sahani yangu peke yangu. Na kikombe. Hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kuzigusa."

Nikamuuliza watoto wengine wa boma wanakula wapi. "Wao wanakula pamoja kwa sinia," akasema. "Mimi ndio niko na yangu. Wewe ukirudi utapewa yako pia?"

Sijakiri lolote, na tayari wamemtenga kama mtoto wa mchawi. Nyinyi wenye watoto, nielekezeni, kwa sababu akili yangu imefika mwisho. Niseme uongo mbele ya kanisa nikae karibu naye, au nikatae, nimwache ale peke yake mpaka siku atakapouliza kwa nini?