Swali la Ayeeyo

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha Garissa, kwenye jumba la kale lenye kuta nene na veranda pana. Wakati wa ukoloni lilikuwa ofisi ya mzungu mkuu wa wilaya. Baadaye likafanywa makumbusho. Lilikuwa limetoka kupakwa chokaa nilipokwenda pale na Ayeeyo, yaani nyanya yangu kwa Kisomali. Kwetu nyanya naye humwita mjukuu wake "ayeeyo", kwa hiyo tulikuwa akina Ayeeyo wawili, mkubwa na mdogo, na mimi niliona tuko sawa kabisa.

Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Habaswein. Mjomba alipomweleza kwamba mjini kuna nyumba inayotunza habari za watu wa zamani, alisema atakwenda. Kesho yake alivaa nguo yake ya Idi na kujifukiza ubani mpaka nyumba nzima ikanukia. Mama, ambaye hadi leo huita pilipili "bilibili", alisema mimi ndiye nimsindikize. Ayeeyo hakujua Kiswahili, na changu cha shule kilikuwa kimenyooka. Nilivimba kichwa.

Aliyetupokea alikuwa kijana mpole wa kutoka bara, akamwita Ayeeyo "shosho", yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Alituonyesha vyombo vya maziwa, kengele za mbao za ngamia, na mikeka ya kufunikia nyumba za wafugaji. Nilitafsiri kwa sauti kubwa, nikiongeza madoido yangu. Ayeeyo alisema vitu kama hivyo anavyo nyumbani, na vyake ni vizuri zaidi. Hilo nalo nikalitafsiri, kijana akacheka.

Tulipofika chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo la nondo, Ayeeyo alisimama. Akaanza kusimulia, nami nikamfuata kwa Kiswahili. Akiwa mdogo kama mimi alikuja hapa na baba yake. Serikali ilikuwa imekamata ngamia wao kwa sababu walivuka mpaka wa malisho wakitafuta maji, na baba alikuja kuwaombea. Askari alimwambia msichana asubiri verandani, akasubiri. Alasiri lori lilitoka nyuma ya jumba limebeba wanaume, na baba yake alikuwa miongoni mwao. Hakumwona tena. Jamaa walihangaika kuuliza, wakaambiwa tu kwamba alifia kifungoni.

"Mwulize walimzika wapi," akaniambia.

Niliuliza. Kijana aliacha kutabasamu. Alisema hajui, wala hamfahamu mtu anayejua.

"Anasema hajui, Ayeeyo."

"Mwulize vizuri."

Nikauliza tena, kwa adabu zote nilizofundishwa darasani: samahani, tafadhali, naomba. Kijana aliinamisha kichwa.

"Pole sana, shosho," alisema. "Sijui."

Nilipotafsiri, Ayeeyo aliniuliza taratibu kama kweli Kiswahili nakijua. Nikasema nakijua. Alitoka hadi verandani, akaketi sakafuni na nguo yake ya Idi, akainua viganja na kumsomea baba yake Fatiha. Nilikaa kando yake nikilia kimyakimya, maana niliamini kuna neno nililolikosa, na mtoto mwingine mwenye akili angelipata.

Ayeeyo alirudi Habaswein, na kabla mvua za mwaka uliofuata hazijanyesha akafariki. Mimi nikashikilia Kiswahili kama mtu anayelipa kisasi. Nikakisoma hadi chuo kikuu, na sasa ndicho ninachofundisha.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipotambua kwamba siku ile sikukosea hata neno moja. Jibu ndilo halikuwepo, katika Kiswahili wala Kisomali. Nadhani Ayeeyo alilielewa hilo mara ya kwanza tu niliposema. Alitamani tu liwe kosa la mtoto, kwa kuwa kosa la mtoto hurekebishika.