Buluu ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliteremka kutoka mlimani akiwa amelala kitini nyuma ya gari la kukodi, ameshika fimbo ya jirani yake kama mtu aliyeiazima. Alikuwa ameteleza kwenye njia ya udongo akitoka kuchimba karoti, nyonga ikaumia. Daktari pale Morogoro mjini alisema atatembea tena, ila kupanda na kushuka milima asahau. Nikamleta kwangu Kihonda.

Nilifurahi kuliko inavyofaa mtu kufurahia ajali ya mzazi. Tangu nistaafu ualimu nilikuwa naishi peke yangu na redio. Mama mkubwa ana watoto wawili wa kiume, wote wako Dar, na kila mmoja alisema kwenye simu kwamba kwake mlango uko wazi, kwa sauti ya mtu anayetumaini mlango hautagongwa. Mimi niliutaka huo mzigo. Nilimwambia siku ya kwanza: "Mama, utakaa hapa hapa, moja kwa moja." Akajibu, "Tutaona, mwanangu." Katika ukoo wetu "tutaona" ni hapana iliyovaa nguo nzuri.

Kila asubuhi aliketi barazani akiuangalia mlima. Kutoka Kihonda mlima unaonekana mzima siku ya jua, na siku ya mawingu unaonekana nusu. Siku za nusu alikuwa akinyong'onyea. "Kule inanyesha," anasema, basi, habari imekwisha. Nilijua anayepewa mvua hiyo ni nani: ni bustani yake.

Lazima niieleze bustani ile, maana sijaona nyingine ya kufanana nayo. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma iko kwenye kishoroba cha ardhi kilichochongwa mlimani, juu yake karoti, chini yake kabichi za watu. Kuizunguka nyumba pande tatu kuna haidrenjia. Sisi tulipokuwa wadogo tuliyaita maua ya misheni, kwa sababu mche wa kwanza bibi aliupata kwa masista. Kichwa kimoja cha ua hujaa viganja viwili, na rangi yake ni buluu hasa, buluu ambayo ukiitazama huku ukungu unapita unahisi macho yameoshwa. Kila Jumapili mama mkubwa alikata vichwa saba vya kupeleka altareni, wala hajawahi kukata ambacho hakijakomaa. Alikuwa akikigusa kwa ncha ya kidole, kikiwa bado laini anakiacha. Hakusoma popote jambo hilo. Mimi nimefundisha sayansi miaka mingi na singeweza kumfundisha chochote.

Basi nikajiambia: nikimletea maua yake barazani, atatulia. Nilipanda mlimani nikakata vipande jinsi alivyonielekeza, shina changa ambalo halijatoa ua, majani mawili tu, na hayo mawili yakatwe nusu ili yasinywe maji kuliko mzizi. Nilivipanda makoponi, vikashika. Msimu uliofuata nikavihamishia mbele ya baraza, mstari mmoja, vimenyooka. Kisha, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu hadi kaburini, nikavizungushia mawe na mawe nikayapaka chokaa. Shule zote nilizofundisha zilikuwa na mawe meupe kando ya njia. Kwangu mimi bustani bila mawe meupe ni kama mtoto aliyekuja mstarini bila kuchomekea shati.

Yakachanua pinki.

Pinki ya keki ya kipaimara. Majirani walisimama langoni kuyasifia, na mwenye haki ya kuyasifia aliyaangalia kwa muda, akasema, "Mazuri," halafu akaomba chai. Angenicheka ningevumilia. Ile heshima ndiyo iliyoniuma, maana ndivyo anavyomsifia mgeni aliyepika wali ukaungua.

Wiki hiyo hiyo nikaanza kuona jambo. Nikiwa jikoni nasikia fimbo: ko, ko, ko. Nikachungulia. Mama mkubwa alikuwa akipanda ngazi tatu za baraza, anashuka, anapanda tena. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Jasho linamtoka, midomo ameibana, hatoi hata mguno. Nilimstahi kiasi cha kutaka kupiga makofi, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu mtu hafanyi mazoezi ya ngazi ili akae Kihonda palipo tambarare. Alikuwa anajiandaa kurudi, akaishi kule peke yake na nyonga ile, kwenye njia ile ile iliyomwangusha.

Nikaenda mjini kwenye duka la pembejeo. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, babu yake alizikwa hapa hapa Morogoro, na wakulima wa mlimani wanamwamini kuliko wanavyoamini vipeperushi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Leo nini kinaumwa?"

Nikamweleza: mbegu moja, mama mmoja, kule buluu, kwangu pinki. Aliniuliza namwagilia nini, natia samadi gani. Kila jibu aliitikia kwa kichwa. Halafu akauliza, "Kando kando umeweka nini?"

"Mawe," nikasema, kwa fahari. "Nayapaka chokaa kila sikukuu. Na inayobaki kwenye ndoo naimwaga pale pale shinani, isipotee bure."

Mzee alivua miwani akaiweka juu ya daftari. "Mama, wenye kabichi wananunua chokaa kwangu kuua uchachu wa udongo. Huo uchachu ndio unalipa ua lako buluu. Wewe umekaa unauua, Krismasi na Pasaka."

"Na Idi," nikasema. Jirani zangu ni Waislamu, nisingependa waone mawe machafu siku yao.

"Na Idi," akakubali, bila kucheka, jambo ambalo namshukuru hadi leo. Akafungua droo akanipa kipande cha shabu, ile ile ambayo bibi zetu walitulizia maji ya tope mtungini. "Chembe kidogo kwenye ndoo ya maji, mara moja moja. Lakini kwanza badilisha udongo. Huu wako umeshapakwa rangi."

Nilirudi nyumbani nikaanza kung'oa mawe, moja moja, nikiyatupa nyuma ya choo kwa hasira. Mama mkubwa alikuwa barazani.

"Mwalimu umefukuza darasa zima?"

Nikasimama na jiwe mkononi. "Mama, ulijua ni chokaa?"

"Nilidhani hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ulipomwaga ndoo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nyumba ni yako. Mgeni hamwambii mwenye nyumba amwage maji wapi."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo kwetu binti haruhusiwi kuionyesha mbele ya mama yake. Nilimwambia kwamba mwaka mzima nimekuwa nikimfulia, nikimkanda mguu, nikimpikia mlenda anaoupenda ambao mimi siupendi, na kama bado ni mgeni basi aniambie niache. Nikamwambia simtaki akae kwa hisani. Namtaka akae kwa sababu sina mama mwingine. Nilipomaliza, jiwe bado ninalo.

Alilitazama lile jiwe mkononi mwangu. Kisha akasema, "Kalete udongo wa kwangu. Chukua nyuma ya jiko, chini ya misonobari, siyo ule wa juu juu tu."

Nilileta viroba sita. Kuanzia hapo kazi ikawa yake na mimi nikawa kibarua. Aliketi kwenye kigoda, akakata pipa la plastiki kwa msumeno, kwa mikono yake mwenyewe, akanifanya nitoboe matundu chini. Udongo wa kwake alikuwa anaumwaga mapajani juu ya kanga, anaupitisha vidoleni, anaunusa, anatoa kijiwe, anatoa mzizi mfu. Mizizi ya miche aliiosha kwenye beseni polepole, kama anamwogesha mtoto mchanga, hadi chembe ya mwisho ya udongo wangu wa Kihonda ikatoka. Maji ya bomba alikataa. Tukaweka ndoo chini ya bati, tukangoja mvua. Shabu alikubali, baada ya kuilamba kidogo kuhakikisha ni yenyewe.

Na mawe sikuyarudisha. Kusema kweli mikono iliniwasha miezi kadhaa kutaka kuyarudisha.

Msimu uliofuata vichwa vilitoka vya kijani, vikakaa hivyo hadi nikakata tamaa. Asubuhi moja akaniita, "Njoo." Sikuvaa hata viatu. Kichwa cha pembeni kilikuwa kimefunguka upande mmoja, na upande huo ulikuwa buluu. Hakukuwa na zambarau ndani yake, wala pinki ya kujificha. Katika siku nne vikafunguka vyote. Sijui kuandika rangi ile. Nilikuwa nakwenda kuiangalia nikitafuta kisingizio cha kufagia, na nikamkuta yeye ameshafika kwa kisingizio cha fimbo.

Alinyoosha kidole akagusa ua. Lilikuwa limekomaa. Hakulikata.

"Jumamosi nipeleke nyumbani," akasema.

Nikaanza: daktari alisema nini, njia ikoje, nani atamwokota akianguka. Aliniacha niseme yote.

"Nitapanda pikipiki hadi itakapoishia," akasema, "na pale pa kupanda nimeshajifunza. Siendi kukaa. Naenda kukuonyesha mipaka."

Kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Watoto wake wa kiume hawairithi. Inakuja kwa binti wa dada yake, na huyo ni mimi. Nililijua hilo tangu utoto, kama mtu anavyojua kwamba siku moja atazeeka. Mipaka huonyeshwa mara moja, na anayeionyesha ni yule anayeondoka.

Jumamosi tulikwenda. Alipanda hatua kwa hatua, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani kwangu, na begani nilihisi uzito wake wote. Alinionyesha mgomba, jiwe, mfereji, mti wa mparachichi ulioanguka ambao bado unahesabika. Kila alama aliisema mara mbili na kunitaka niirudie. Maua kuizunguka nyumba yalikuwa yamechanua kuliko nilivyowahi kuyaona, na hakunielekeza chochote kuhusu hayo. Tulipomaliza alifunga mlango, akauvuta kuhakikisha umefungika, akanipa ufunguo. Akasema tuteremke kabla ya mvua, kwa sababu nyumbani tumeacha nguo kwenye kamba.