Mlango wa Tharsisi

Mwaka 1974, Operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika Kasulu, hakuna aliyeifurahia kama Hilali Abbasi. Hilali alikuwa dalali wa nyumba mjini. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ya taifa na haiuzwi, yeye aliuza kuta, bati na migomba, na ardhi akaiacha ikae chini yake kimyakimya. Kila jioni alikaa kwenye baraza la duka la Abdulrahmani akitangaza hali ya soko.

"Nyumba za milimani zimekufa," alisema. "Nyumba ni ya barabarani. Mtanikumbuka."

"Na wewe mwenyewe unakaa barabara gani?" Abdulrahmani alimuuliza.

Watu walicheka, na kicheko kile kilimkosesha Hilali raha. Haukupita muda akauza nyumba yake ya matofali, pamoja na mparachichi alioupanda mkewe Mwanaamina, akanunua nyumba ya udongo kando ya barabara, Rungwe Mpya. Mwenye nyumba hiyo, mzee Tharsisi, alikuwa anahamia Kitanga waliko ndugu zake.

"Umetoa matofali ukachukua udongo," alisema Mwanaamina. "Hiyo biashara siielewi."

"Ndiyo maana dalali ni mimi."

Siku ya kuhamia waliikuta nyumba haina mlango. Tharsisi alikuwa ameung'oa na fremu yake, akaondoka nao kichwani. Hilali alicheka sana. "Muha bwana! Kauza nyumba, kabeba ubao." Akatundika mkeka pale mlangoni, akaanza kungoja bei ipande.

Badala ya bei alikuja Katibu Kata. Alitangaza kwamba nyumba zilizoachwa na waliohama ni mahame, zitabomolewa Ijumaa na viwanja wapewe wageni. Na kwa kuwa kila aliyehama alibeba mlango wake, kulitambua hame ilikuwa kazi rahisi: ni nyumba isiyo na mlango.

"Ndugu Katibu, mimi nimo ndani," Hilali alilalamika. "Mke wangu yule anapika."

"Mke namwona, ndugu. Mlango siuoni."

Hilali alikimbilia kwa mafundi seremala. Mbao zilikuwa zimekwisha wilaya nzima. Kitu pekee kilichopanda bei sokoni kilikuwa mlango, na katika utabiri wake wote Hilali hakuwahi kuutaja. Nyumba ya mjini ilikwisha kwenda. Hii ikibomolewa, Mwanaamina angelala nje. Akaazima baiskeli, akaenda Kitanga.

Alimkuta Tharsisi ameketi nje. Mlango wake ulikuwa umekwisha kufungwa kwenye nyumba mpya, na mwingine wa zamani umeegemezwa ukutani.

"Mzee, nitajie bei ya huo wa ukutani."

"Huo ulikuwa wa marehemu mdogo wangu, Makarius. Kwa Kiha mlango ni umulyango. Na ukoo pia ni umulyango. Sasa unataka nikuuzie ndugu zangu?"

"Mbona nyumba uliniuzia?"

"Nyumba ni udongo, bwana Hilali. Udongo uko mwingi."

Hilali alipandisha bei mara kadhaa, peke yake, kama mtu anayebishana na kisima. Hatimaye Tharsisi alimhurumia.

"Hauuzwi. Ila mtu wa ukoo akiuhitaji, anaubeba tu."

"Basi nifanyeni mtu wa ukoo."

Alikuwa anatania. Tharsisi hakuwa anatania. Aliwaita ndugu zake, wakampa Hilali nafasi ya Makarius, pamoja na shamba la maharage la mjane wake Theodosia, ambalo lilikuwa linangoja mtu wa kulilima.

Ijumaa Katibu alibisha hodi, akausukuma mlango wa Makarius mara mbili, akaridhika, akapita.

Mwaka uliofuata utabiri wa Hilali ulitimia. Mfanyabiashara kutoka Kibondo aliitaka nyumba ile ya barabarani, akataja bei iliyomfanya Hilali ameze mate. Lakini Tharsisi alikuwa amekwisha kufika, kaketi ndani.

"Muuzie, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Umulyango nitaondoka nao."

"Bila mlango si ni hame hilo?" mfanyabiashara aliuliza. "Hame silitaki."

Hilali alimtazama mkewe. Mwanaamina alikuwa amechuchumaa kando ya kizingiti, anafukia kokwa la parachichi.

"Mwambie mgeni sisi tuna ukoo hapa," alisema bila kuinua kichwa.

Hilali alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarekebisha kola ya koti lake.

"Jaribu nyumba za milimani, ndugu," alimwambia. "Zile zitapanda."