Mama Yako Hashoni Kola

Naikumbuka siku moja ya Alhamisi, wakati wa ile vita kubwa ya pili ya Wazungu, niliposhuka ngazi za chumba cha ushoni pale Kibokoni nikicheka peke yangu njiani, buibui limeniteleza begani, mkononi nimebeba ratili mbili za sukari zilizofungwa kwa gazeti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani nimeshinda. Mwanangu, hadi leo nikikikumbuka kicheko kile, natamani nimshike yule msichana nimtikise mabega mpaka meno yagongane.

Nakwambia haya kwa sababu juzi uliketi hapa kwangu na cheti chako cha chuo, ukanieleza kwamba umeitwa kazini na umeulizwa unataka mshahara gani. Nikakuuliza ulijibu nini. Ukasema, "Nimewaambia watakachoona wao kinafaa." Nikanyamaza, nawe ukadhani nimeridhika. Sikuridhika hata kidogo. Nilinyamaza kwa kuwa hasira ya mtu mzima ikitoka ovyo humpiga asiyestahiki. Sasa kaa kitako, mjukuu wangu, unisikilize.

Chumba kile kilikuwa cha mtu mmoja ambaye sote tulimwita Ami. Hakuwa ndugu wa baba wa yeyote kati yetu; lilikuwa jina la heshima tu, naye alilipenda. Alikuwa amepata kazi ya kuwashonea askari mashati ya kaki, mashati yasiyo na mwisho. Upande wa madirisha, penye upepo, waliketi wanaume watano na vyerehani vyao. Nyuma ya pazia la kitambaa cha marekani, penye joto na mwanga wa kubahatisha, tulijibana wanawake saba. Mwanzo tulipewa vifungo na matundu yake. Kazi ilipozidi tukapewa kola.

Kola, mwanangu, ndiyo shati. Ikikaa upande, shati zima hurudishwa. Mimi nilikuwa na mkono niliourithi kwa mamangu, aliyedarizi kofia hadi macho yakamfifia, na kola zangu zilikaa kama zimeota pale. Wanaume wa mbele walikuwa wakiniletea zao nizifumue nizishone upya. Fundi Juma, mtu mzima mwenye watoto wake na roho safi, alikuwa akinisukumia kola chini ya pazia na kuniambia, "Niokoe, dada Rukia." Nami nilikuwa nikimwokoa.

Siku moja huyo Fundi Juma akawa analalamika kwamba ujira wake wa wiki haumtoshi, akautaja. Hakujua kama ni siri. Ulikuwa mara mbili ya wangu. Mara mbili! Kwa kola nilizozishona mimi! Nilihisi kama niliyemwagiwa maji ya moto, na nikaendelea kutia uzi sindanoni kana kwamba sikusikia neno.

Nikalala nalo siku tatu. Ya nne, ndiyo hiyo Alhamisi, nikaenda kwa Ami mezani kwake. Na hapa ndipo nilipokosea kosa la kwanza, kosa lile lile lako, ila langu lilikuwa na machozi. Nilimweleza kwamba mamangu haoni vizuri. Nikamweleza kwamba mume ameniacha na paa letu linavuja. Nikamwambia, "Ami, naomba unifikirie."

Akanitazama kwa huruma. "Rukia, nyinyi nyote ni binti zangu," akasema. "Hebu chukua hii sukari umpelekee mama. Na usiwe na pupa. Haba na haba hujaza kibaba."

Sukari ilikuwa ya mgao siku zile, watu wakiipangia foleni. Nikambusu mkono. Nikambusu mkono, mwanangu, mtu aliyekuwa akinikata nusu ya jasho langu kila wiki!

Nyumbani nilimkuta shangazi yangu, Bi Mwanaidi. Alikuwa mkunga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na nusu ya watoto wa Mji wa Kale walipita mikononi mwake. Nikamwonyesha sukari yangu. Hakuigusa.

"Ulikwenda kudai ukarudi na sadaka," akasema. "Ulimwambia nini?"

Nikamweleza yote, macho ya mama, paa, talaka.

"Mama yako anashona kola?"

"La, shangazi."

"Paa lenu linashona kola?"

"La."

"Basi umewapeleka kufanya nini kwa yule mtu? Mama yako hashoni kola! Ungemwambia habari za kola angekujibu habari za kola. Umemwambia habari za njaa, amekupa chakula. Na sasa kila akikuona ataona mtu aliyemsaidia. Kesho utamdai vipi mfadhili wako?" Akaketi. "Mimi nikiitwa kuzalisha, naagana bei mlangoni, kabla sijavua viatu. Watu huniona mbaya. Wanasema Bi Mwanaidi ana roho ngumu. Lakini mtoto akishatoka nani hukumbuka mkunga? Nikishataja bei nafunga mdomo. Sijielezi, sicheki, sisemi 'kama mtaweza.' Wa kwanza kusema baada ya hapo ndiye atakayepunguza." Halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza. "Na hao wenzako sita je? Wao hawana mama?"

Kuanzia kesho yake nikaanza kuwanong'oneza wenzangu. Mkubwa wetu alikuwa Bi Time, mjane wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyewahi kunigawia chakula chake zaidi ya mara moja. Yeye ndiye aliyesema twende pamoja, siku ya Jumatatu, tudai bei moja ya kola bila kuangalia imeshonwa upande gani wa pazia. Tukakubaliana kwamba nitasema mimi, kwa kuwa kola zangu hakuna wa kuzitia kasoro.

Sijui nani alimfikishia Ami. Jumapili jioni akatuma niitwe. Nilimkuta anatabasamu. Akaniambia amefikiri, ameona kweli mkono wangu si wa kawaida, na tangu wiki hiyo nitalipwa sawasawa na Fundi Juma. "Ila wewe peke yako," akasema. "Wenzako mikono yao mizito. Na jambo hili liwe baina yetu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, au sivyo, binti yangu?"

Nikasema ndiyo.

Usinitazame hivyo. Najua. Nimekaa na neno hilo miaka mingi kuliko umri wa mama yako. Nilijiambia uongo wote anaojiambia mtu akishanunuliwa: kwamba nikipanda mimi nitawavuta wao, kwamba mamangu anahitaji dawa, kwamba si mimi niliyepanga ujira wao.

Jumatatu wakasimama wote sita. Ami akatoka mezani akasimama mbele yetu. Wenzangu wakanigeukia, wananingoja niseme. Nikainamia sindano yangu. Mwanangu, hata uzi haukuwamo.

Bi Time akaniona nimeinama, akadhani ni woga, akasema yeye. Alisema vizuri, bila kupaza sauti. Ami akamsikiliza hadi mwisho, kisha akanielekeza kidole. "Muulizeni Rukia. Fundi kuliko nyote, na ameridhika. Nyinyi ni nani hata msiridhike?" Wale watano wengine wakakaa mmoja mmoja. Bi Time alibaki amesimama, na Ami akamwambia achukue buibui lake aende, na asirudi.

Alipita karibu yangu. Hakunitukana. Akanishika bega, akaniambia pole pole, "Usilie, mwanangu. Si kosa lako." Hakuwa anajua! Alikuwa ananifariji mimi!

Nilipokea ule ujira mpya wiki tatu. Kila Ijumaa nilipoufunga pindoni mwa leso niliona kama nimebeba kitu kilichooza. Na Ami naye akanogewa. Mwanamke yeyote akifungua mdomo nyuma ya pazia, ilikuwa "Rukia ameridhika, Rukia ameridhika." Jina langu likawa bakora yake. Hapo ndipo hasira ilipoanza kuniingia, hasira ya kweli, isiyo na machozi. Nusu juu ya Ami na nusu juu ya nafsi yangu. Alituita binti zake, nawe jiulize, binti yake wa kumzaa angemweka nyuma ya lile pazia?

Wiki ya nne, wakati wa chakula, nikawakusanya wale watano nikawaambia kila kitu. Nikawatajia ujira wangu kama ulivyo. Mmoja akanitemea mate miguuni, na sikuyafuta. Mwingine akasema, "Mbona leo?" Nikamjibu, "Kwa sababu nimechelewa." Nikawaambia pia jambo nililolichunguza: lori la jeshi lingekuja Jumamosi, shehena ilikuwa kubwa kuliko zote, na mbele ya pazia hapakuwa na mwanamume mmoja aliyeweza kuweka kola ikakaa. Walikuwa wameshatuachia sisi karibu zote.

Jumatano asubuhi tukaweka sindano chini. Safari hii sikwenda na mamangu wala paa langu. Nilichukua kola mbili, moja yetu na moja ya mbele, nikaziweka mezani.

"Sabalkheri, Ami. Nimekuja kwa ajili ya kola."

Akazitazama. "Zina nini?"

"Hii ni yetu. Hii itarudishwa. Tunataka kola ya nyuma ilipwe bei ya kola ya mbele, kwa sote, na Bi Time arejeshwe. Na iandikwe."

Nikafunga mdomo.

Akacheka kwanza. Kisha akasema mimi sina shukrani, fadhila za punda ni mateke. Kisha akaniuliza tangu lini wanawake wa heshima wakagomba na wanaume juu ya pesa, na wazee wa mtaani watasemaje. Kisha akanikumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hilo lilinichoma, na ulimi ulinicheza. Nilitaka kumwambia tumeinama mpaka migongo imepinda. Lakini nilimsikia Bi Mwanaidi sikioni, nikauma mdomo. Nyuma yangu wenzangu watano walikuwa wamesimama nje ya pazia, kwa mara ya kwanza upande wenye upepo. Vyerehani vya wanaume vikanyamaza. Fundi Juma akakohoa, akasema bila kuinua kichwa, "Ami, mimi kola siziwezi. Tusidanganyane."

Mungu amrehemu mtu yule. Halikuwa neno kubwa, lakini alilisema mahali palipokuwa na gharama.

Ami akaandika. Nami nikasimama pale pale hadi wino ukakauka.

Jioni ile nikaenda mbio kwa Bi Time kumpa habari. Nilimkuta jikoni anasukuma mahamri. Ameshaanza kuyauza ili aishi. Nikamweleza yote, na ule usaliti wangu pia, kwa kuwa nilitaka ausikie kwangu. Akaendelea kusukuma unga. Mwisho akasema, "Mwambie Ami ahsante, lakini sirudi. Siketi tena mahali nilipofukuzwa kama paka."

"Na mimi, Bi Time?"

"Nimekusamehe, Rukia." Akapangusa mikono. "Lakini usinizoee."

Akaishi miaka mingi baada ya hapo, mtaa mmoja nami. Tulisalimiana kila siku, na kila siku ilikuwa salamu tu.

Basi sikiliza, mwanangu, nami ninasema nikiwa na hasira, maana naona miaka imepita na lile pazia limebadilishwa rangi tu. Siku hizi lina kioo na mashine ya baridi. Bado wanawauliza wanaume kazi wanayoijua, na nyinyi wanawauliza kama mnapanga kuzaa. Bado wanawaambia mshahara ni siri. Siri ya nani? Siri humfaa anayepunja. Waulize walioko pale wanalipwa nini, na wewe ukiulizwa na mwenzio, mwambie. Kabla hujaenda, jua ni kazi ipi ambayo pale hakuna mwingine anayeiweza kama wewe. Shida zako ziache nyumbani, shida haina bei. Taja kiasi unachokitaka, ukishakitaja nyamaza, hata kimya kikikuuma. Wakikuita binti au dada au mmoja wa familia, shukuru kwa adabu, kisha rudi kwenye jambo lako. Wakikubali, waandike. Wakikataa, ondoka ukiwa umesimama, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi na ahadi hailiwi. Na siku wakikuita pembeni wakuongeze wewe peke yako ili wengine wanyamazishwe kwa jina lako, ukumbuke nyumba niliyoipita kila siku kwa salamu tu.

Hujaweka sahihi bado. Basi neno lako la juzi si neno. Rudi ukaseme jingine. Kuuliza si utovu wa adabu, na atakayekuona mbaya kwa kudai haki yako alikuwa amekuona mbaya tangu zamani.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usiotetemeka na wenzio wasiokuacha. Akubariki mikono, akubariki riziki, na siku utakapokuwa wewe ndiye unayelipa, akujaalie umlipe mtu kabla jasho lake halijakauka. Amina. Haya, inuka. Ofisi zinafunguliwa saa mbili.