Nyumba Isiyotupa Kitu

Twaha Shekigenda alikuwa na kanuni moja nyumbani kwake Handeni, na kila mgeni aliyekaa kwenye benchi lake aliisikia kabla hajamaliza kikombe cha chai: hapa hakuna kinachotupwa.

Aliishika kwa miaka kumi na miwili. Msumari uliopinda ulinyooshwa kwa nyundo. Gunia lililochakaa lilifuliwa, likashonwa, likawa pazia la jikoni. Ganda la betri lilikatwa likawa chombo cha kunyweshea kuku, na jingine likawekwa chumvi. Uwanja wake haukuwa na kipande cha nailoni wala chupa iliyovunjika, na katika mkutano wa mtaa mwenyekiti alimtaja mbele ya watu kuwa mfano wa mtu safi. Sifa zile hazikuwa za uongo. Twaha hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, hakudhulumu mtu kwenye mizani. Ni vizuri msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu watu hupenda kuamini kwamba mabaya hutoka kwa watu wabaya.

Alitoka Mpale, upande wa Korogwe, ambako shamba la maharage la baba yake liligawanywa kwa wana watano hadi kila mmoja akabaki na kipande kisichomtosha. Akashuka Handeni na mkewe Swaumu. Mtoto wao wa kwanza, Zaidi, wakati huo akiwa na miaka minne, walimwacha kwa bibi yake kwa sababu chumba walichopanga kilikuwa kimoja. Zaidi alilia siku ya kuachwa. Baba yake alimwambia mwanamume halii, akapanda basi.

Handeni, Twaha alianza kununua betri mbovu: za sola, za pikipiki, za magari. Mnunuzi mkubwa alikuwa Mustapha wa Korogwe, aliyepita kila mwezi na lori. Tangu siku ya kwanza Mustapha alimwambia namna anavyozitaka.

"Fundi, niletee nzima. Zikiwa zimefungwa, maji yake ndani. Kuzipasua ni kazi ya kiwanda, wana mabomba ya kuvuta moshi na nguo zao."

"Nikikupa nzima, ganda linakwenda wapi?" Twaha aliuliza.

"Linakuja kwangu."

"Basi mimi ndiye ninayetupa."

Mustapha alicheka akaona ni ubishi wa Kishambaa. Hakurudia tena. Risasi ya betri iliyoyeyushwa nayo aliinunua, kwa hiyo lawama yake ipo, ingawa si yeye anayesimuliwa hapa.

Twaha akawa anazipasua kwa shoka nyuma ya jiko. Maji ya betri aliyamwaga chini ya mpapai, ambao ulikauka ndani ya wiki mbili, akaukata kuni. Risasi, yale madini laini ya kijivu yaliyomo ndani, aliiyeyusha kwenye sufuria kubwa nzito na kuimimina kwenye makopo ikatoka vipande kama mikate. Hakuyeyushia uwanjani. Upepo wa Handeni unakula mkaa, na mkaa nao si wa kutupa. Aliyeyushia ndani ya banda la jikoni, na Swaumu alipolalamika kwamba moshi unamkaba koo, alijibiwa awe anapika mapema.

Katika nyumba hiyo alizaliwa Shamimu.

Twaha alimpenda mtoto yule kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Hakutaka alelewe mbali kama kaka yake. Alipokuwa akiyeyusha, Shamimu alikaa kwenye kigoda pembeni, akimtazama. Risasi iliyobaki chini ya sufuria Twaha aliimimina kwenye vishimo alivyochonga katika udongo, ikatoka ng'ombe wadogo, wa kijivu, wenye pembe. Shamimu alilala nao. Alipoota meno aliwatafuna. Alipojua kuzungumza vizuri, siku moja alilamba kidole akasema, "Baba, vumbi lako tamu."

Twaha alicheka sana. Aliwasimulia wateja wote.

Alipoanza darasa la kwanza, Shamimu alijua herufi zake kama watoto wengine. La pili alizijua kwa shida. Darasa la tatu, Mwalimu Grasiana alimwita baba yake shuleni akamwonyesha daftari lililojaa mistari isiyo na maana.

"Mzee Twaha, mwaka juzi huyu aliandika jina lake. Mwaka huu hawezi. Mwakani ni mtihani wa darasa la nne. Asiposoma atarudia, na akirudia akiwa hivi, sioni anakwenda wapi."

"Atasoma," Twaha alisema. "Mwalimu, mimi sina mtoto wa kutupa."

Alilisema kwa heshima, akimaanisha kila neno. Tangu siku hiyo kazi yake ya jioni ikawa ni kumrudishia Shamimu akili, na chombo chake kilikuwa waya wa betri uliokunjwa mara mbili.

"Hii nini?"

"B."

"Hii?"

Shamimu alitazama waya.

"Mwaka juzi ulijua. Nani alikuomba uzisahau?"

Shamimu alichapwa kwa kukosa herufi, akachapwa kwa kunyamaza, na alipolia kwamba tumbo linauma alichapwa kwa uongo. Tumbo lile, Twaha alisema, lina kalenda, linauma siku za shule tu. Lilikuwa likimuuma hata Jumapili, lakini Jumapili hakuna aliyemuuliza. Choo alikipata mara moja kwa siku nne. Alikonda, akawa mweupe ndani ya kope, akawa mtu wa hasira na kuangusha vikombe.

Kisha baba yake akampa jina. Mteja alimtuma Shamimu maji, akarudi na kikombe kitupu, amesahau alichotumwa. Watu walikuwa watano kwenye benchi.

"Msimlaumu," Twaha akasema. "Hii betri haishiki chaji. Unachaji usiku kucha, asubuhi iko sifuri."

Benchi zima lilicheka. Watoto waliokuwa wakipita waliisikia, na kabla ya wiki kwisha Shamimu hakuwa na jina jingine. Shuleni walimwita Betri. Walimshika masikio mawili, mmoja kila upande, wakipiga kelele, "Chaji! Chaji! Waya mwekundu huku!" Alirudi nyumbani masikio yamevimba. Swaumu alipomweleza mumewe, alijibu kwamba akitaka jina liondoke ajifunze kusoma.

Likizo ya Juni ya mwaka uliofuata, Shamimu akiwa darasa la nne, Zaidi alishuka kutoka Mpale. Alikuwa kidato cha kwanza, kijana wa maneno machache, aliyefaulu kuliko watoto wote wa shule yake. Twaha alimweka mbele ya wateja kama tuzo, akamsomesha gazeti kwa sauti, huku Shamimu akiwa amesimamishwa pembeni asikilize.

"Tumbo moja," Twaha alisema. "Baba mmoja. Huyu amelelewa na bibi kizee asiyejua kusoma. Huyu amelelewa na mimi. Niambieni kosa liko wapi."

Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuwa anauliza.

Zaidi aliigeuza betri ya gari iliyokuwa karibu na mguu wake. Juu yake kulikuwa na picha ndogo ndogo zimepangwa mstari. Twaha alizifahamu siku nyingi, na moja aliipenda. Aliigonga kwa kidole.

"Unaona? Pipa la taka, limepigwa mkasi, mistari miwili juu yake. Hata wazungu wanasema usitupe. Mimi nilijua kabla yao."

"Baba, wanasema usitupe kwenye taka za kawaida. Irudishwe inakostahili." Zaidi alisogeza kidole. "Na hii ya pili?"

Ya pili ilikuwa picha ya mtu mzima na mtoto. Mtu mzima alikuwa anamsogeza mtoto mbali.

"Hiyo ni ya watoto wa kizungu," Twaha alisema. "Wanalamba kila kitu."

Benchi likacheka tena. Shamimu naye alicheka, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka. Mkononi alikuwa na ng'ombe wake wa risasi, pembe zimelika.

Zaidi aliondoa kidole. Alikuwa na miaka kumi na sita, mgeni kwenye nyumba ya baba yake, na alifundishwa asibishane na mkubwa. Alirudi Mpale siku ya tatu.

Mwezi wa Septemba, wiki sita kabla ya mtihani, Shamimu alianguka chini ya meza akiwa katikati ya herufi M. Mwili ulikakamaa, macho yakageuka, povu likatoka. Twaha alidhani ni maigizo, akapiga waya mara mbili kabla hajaona kwamba mtoto hasikii. Wakampakia kwenye bodaboda, Swaumu akiwa amemkumbatia, hadi zahanati.

Tabibu aliyekuwa zamu ni Emiliana, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Mtukutiko ulipotulia, alimfungua mtoto mdomo, akavuta shavu kando, akatazama fizi muda mrefu. Chini ya meno kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya wino. Akageukia wazazi.

"Mnafanya kazi gani?"

"Mimi nanunua betri," Twaha alisema. "Natengeneza, nayeyusha. Kwangu hakuna kinachotupwa, dokta, ulizia mtaa mzima."

"Unayeyushia wapi?"

"Jikoni," Swaumu akadakia, kabla mumewe hajafungua kinywa. "Anayeyushia jikoni. Tangu hajazaliwa huyu."

"Mbona mimi mzima?" Twaha aliuliza.

"Mikono inakutetemeka tangu umekaa hapo, mzee. Sikutaka kuanza na wewe." Emiliana alimgeuza mtoto kumsikiliza mapafu, akainua gauni, akasimama. "Na hii michirizi mgongoni ni ya nini?"

Shamimu, ambaye sasa alikuwa macho, alijibu kama mwanafunzi aliyefurahi kuulizwa kitu anachokijua.

"Ya herufi."

Walipelekwa Tanga, damu ikapelekwa Dar es Salaam, na jibu liliporudi lilikuwa vile Emiliana alivyoshuku tangu alipoona ule mstari wa fizi. Risasi ilikuwa imejaa katika damu ya Shamimu. Ilikuwepo kwa Swaumu. Ilikuwepo kwa Twaha. Zaidi alipopimwa hakuwa na kitu cha kutisha. Mtoto aliyeachwa akilia kituo cha basi ndiye aliyesalimika, na aliyekalishwa kwenye kigoda kwa mapenzi ndiye aliyeliwa.

"Dawa ipo?" Twaha alimuuliza Emiliana.

"Ipo ya kupunguza iliyomo kwenye damu. Tumbo litapoa, degedege linaweza kuisha."

"Na kusoma?"

"Kilichoharibika kichwani hakirudi. Ulikuwa unamchapa arudishe kitu ulichokuwa unakichukua mwenyewe, kila siku, jikoni kwako."

Emiliana hakulainisha. Wapo waliosema alikosa huruma, nami nasema huruma ilikuwa imeshachelewa. Kilichobaki kilikuwa ukweli. Kisha akamwandikia Twaha maagizo kwenye karatasi, na Swaumu akasomewa pia. Mtoto asirudi nyumba ile. Betri zote zichukuliwe na mnunuzi zikiwa nzima. Udongo wa jikoni na wa nyuma uchimbwe ukiwa umelowanishwa, utiwe kwenye mapipa yenye mfuniko, bwana afya aitwe. Wale ng'ombe wadogo na sufuria ya kuyeyushia viingie kwenye mapipa hayohayo. Sufuria isipikiwe, isiuzwe, asipewe mtu.

Shamimu alipelekwa kukaa kwa jirani, naye Twaha alifanya karibu yote. Alichimba siku nane, amefunga kitambaa puani. Mustapha alikuja na lori akabeba betri bila kumtazama usoni. Ng'ombe waliingia kwenye pipa, kumi na saba, Twaha akiwatia mmoja mmoja huku machozi yakimtoka. Yote aliyoyafanya kabla ya hapo aliyafanya bila kujua, na mtu anaweza kumsamehe mtu asiyejua, hata kama waya ule ni mgumu kusamehe.

Lakini sufuria ilikuwa nzito, nene, nzima. Haikuwa na tundu hata moja. Aliisugua kwa mchanga na jivu asubuhi nzima, ndani na nje, hadi ikang'aa kama imetoka dukani. Siku ya mnada aliifunga nyuma ya pikipiki akaipeleka Sindeni.

Swaumu alihesabu vitu kwenye mapipa kwa karatasi ya tabibu.

"Baba Zaidi, sufuria iko wapi?"

"Imepata mtu."

"Mtu gani?"

"Mama mmoja. Anapika uji wa watoto, amefurahi sana. Nimeisafisha, mama Zaidi. Ungeiona! Kitu kizima kama kile, unataka nikifukie?"

Swaumu hakupiga kelele. Mnada uliofuata alikwenda Sindeni, na uliofuata tena, akiuliza kila mwenye jiko kama alinunua sufuria kubwa kwa mwanamume wa Handeni mwenye pikipiki. Alieleza kwa nini. Wauza vyombo walimcheka.

"Mama, mumeo ameiuza, wewe unataka irudishwe bure?"

"Mwenzetu, wivu huo! Mwanamke gani alipewa hiyo sufuria?"

Alirudi mara ya pili miguu imevimba, akamfunga Shamimu nguo zake kwenye kanga, akapanda naye basi la Korogwe, kisha wakapanda mlima hadi Mpale. Hakurudi.

Shamimu ana miaka kumi na minne sasa. Anachambua maharage kwa bibi yake, anatenga mabovu na mazima, na hakosei sana. Zaidi alijaribu kumfundisha kuandika jina lake likizo mbili, akaacha. Mtu akiinua mkono ghafla karibu na Shamimu, hutaja herufi yoyote inayomjia. Twaha bado yuko Handeni, peke yake, kwenye uwanja safi.

Kanuni ile ilimgharimu mke wake na akili ya binti yake. Watoto wanaokunywa uji wa Sindeni bado hawajapimwa.