Njo Yeye

Mashine yangu ya kazi inauliza maswali mengi kuliko mama mkwe. Unachomeka flashi ya mteja, inauliza. Unafungua programu ya kuchapisha, skrini nzima inaingia giza, kisanduku kinatokea katikati: je, unaruhusu programu hii ibadilishe kitu kwenye ordinateri yako? Ndiyo, hapana. Mteja amesimama mlangoni na jasho lake, pikipiki inamngoja nje, na mimi ninasoma kisanduku hicho polepole, kwa sauti, neno la kwanza hadi la mwisho. Wateja wananichukia. Na wachukie.

Nina sekretaria ndogo ya uchapaji hapa Alunguli, chumba kimoja, ordinateri moja, imprimanti moja ya kuchapishia. Tunachapa barua za maombi, kazi za wanafunzi, kadi za ndoa. Ninafanya kazi na mtoto wa kaka yangu, binti niliyemlea tangu alipokuwa na meno mawili. Amesoma informatiki, ananiita shangazi, tunakula chungu kimoja. Na kitu nilichokiogopa miaka hii yote, kuliko ugonjwa, ni siku atakayojua kwamba baba yake alichukuliwa kwa mdomo wangu.

Wakati wa vita nilikuwa karani wa kuchapa, ng'ambo ya mto, mjini Kindu. Ofisi yetu iliporwa hadi milango. Wanajeshi wakakuta masini ya kuandika na mimi, wakabeba vyote viwili. Waliniweka mezani pale mitumbwi inapofikia, chini ya bati. Kila aliyetaka kuvuka mto Lualaba alipaswa kuwa na karatasi niliyoichapa mimi: jina, kazi, anakokwenda. Akirudi, mwanajeshi anashika ile karatasi, anaita jina, kisha ananigeukia mimi niliyeona uso asubuhi.

“Njo yeye?”

Mimi ninatazama, ninajibu, “Njo yeye,” yaani ndiye. Mtu anapita.

Siku za kwanza niliinua kichwa kwa kila mtu. Halafu wakaongeza maswali. Umelala kwa nani, umebeba nini, unamjua nani kule, mbona umechelewa. Kila wiki swali jipya, na kila jibu lililetwa kwangu nilithibitishe, kana kwamba mimi nilikuwa nimelala na watu wote hao. Foleni ikafika barabarani. Wamama wenye samaki waliona samaki wao wakiharibika juani, wenye sombe waliona majani yao ya muhogo yakinyauka, na foleni ikipinda wanajeshi waliinyoosha kwa fimbo. Watu wakanisihi. “Mama, sema tu ndiyo, tupite.” Niliona wana haki.

Basi nikaacha kuinua kichwa. Niliendelea kuchapa karatasi ya anayefuata huku mdomo ukijibu peke yake: njo yeye, njo yeye, njo yeye. Foleni ikatembea. Fimbo zikapungua. Wamama walinipa samaki, wakasema mimi ni mtu wa huruma. Nilipenda kuambiwa hivyo, sidanganyi.

Kaka yangu alikuwa fundi wa reli. Treni zilipolala, akawa anavuka kwenda kulima kiwanja chake huku Alunguli, asubuhi anakwenda, alasiri anarudi. Siku ile utepe wa wino ulikuwa umekatika, vidole vyangu vyeusi tii, nina hasira na dunia nzima. Nikasikia jina likiitwa. Nikasikia “Njo yeye?” Nikasema, “Njo yeye.”

“Dada,” kaka yangu akasema, “inua kichwa.”

Sauti yake niliijua. Nilifikiri anataka kunisalimia, labda ana mahindi ya kunipa, na foleni imejaa.

“Pita bwana,” nikamwambia. “Unazuia watu.”

Njo neno la mwisho nililompa.

Jina lililoitwa halikuwa lake. Lilikuwa la mtu mwingine wa reli, waliyemtafuta kwa sababu ya redio ya kuongea na watu wa mbali. Na karatasi aliyoshika mwanajeshi haikuwa yangu. Ilikuwa ukurasa wa daftari la shule, umeandikwa kwa kalamu jina la huyo waliyemtafuta. Ningeinua macho mara moja tu ningeuona. Mama mmoja wa sombe aliyekuwa nyuma yake alinieleza yote baadaye, na akaongeza kwamba siku ile foleni ilitembea vizuri. Mwili hatukupewa.

Mke wake aliolewa tena Kibombo, mtoto akabaki kwangu. Vita vilipotulia nikahamia ng'ambo hii, ambako wachache walinijua. Mtoto alipoanza kuuliza, nilimwambia baba yake alichukuliwa kwenye stesheni ya treni, na kwamba mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani na malaria. Nilirudia mpaka nikaanza kuikumbuka hata homa yenyewe.

Sasa mtoto huyu ni mtu mzima, na kila juma alikuja na wimbo mmoja.

“Shangazi, tuizime hii. Iko kijiti kwa mipangilio. Ukikishusha mpaka chini, hayiulize tena.”

“Na mwizi akiingia?”

“Hii kisanduku hayizuie mwizi. Ukimuuliza muntu mara mia, ile ya mia na moja hasomi, anafinya tu ndiyo. Hata wale walioitengeneza wanajua. Wanatafuta namna ya kuuliza kidogo, ili muntu asome.”

Alikuwa na haki, na mimi nilijua jambo hilo kabla yeye hajajua kutembea. Kwa hiyo nilimtukana. Nilimwita mvivu, nilisema shule ilimfundisha kuchoka. Nilimsomesha visanduku kwa sauti mbele ya wateja, kama mtoto wa darasa la kwanza, na akifinya bila kusoma nilimpiga vidole kwa rula. Mtu mwenye diploma. Jirani yetu wa sekretaria ya pili alishusha kijiti chake mpaka chini, virusi vikala kazi za wanafunzi zote zilizokuwa kwenye mashine yake, nikacheka siku nzima. Wateja walilia, kisha wakarudi kwake, kwa sababu kwake hawangoji.

Mwezi uliopita binti alihitaji karatasi ya kifo cha baba yake ili kile kiwanja kiandikwe kwa jina lake. Ofisini walimpa fomu kwenye flashi, penye mahali wameshaandika stesheni kama alivyowaeleza. Akaja, akachomeka, kisanduku kikatokea, akafinya ndiyo hata hakijamaliza kufunguka. Nikampiga vidole.

“Umesoma?”

“Shangazi, njo karatasi ya kifo cha papa. Niache.”

Na mdomo wangu, ambao haujawahi kuningoja, ukasema, “Hivyo hivyo njo papa yako alikufa. Sababu muntu hakuangalia.”

Mikono yake ikasimama juu ya vitufe. Fomu ilikuwa wazi mbele yetu: mahali, siku, shahidi.

“Muntu gani?”

“Wanajeshi.”

“Hapana. Wanajeshi waliangalia sana.” Akageuza kiti. “Watu wanasema pale kwa mitumbwi kulikuwa mama mumoja na masini ya kuandika. Njo yeye alikuwa anajibu. Nimesikia tangu utoto, nikafikiri ni mambo ya watu.” Aliangalia vidole vyangu. “Njo wewe?”

Niliinua kichwa. Ana meno ya kaka yangu, yale ya mbele yenye mwanya. Nilitamani sana kusema stesheni, kusema malaria, maneno yalikuwa tayari mdomoni na yangetoka yenyewe. Nililisoma lile swali mpaka mwisho wake, kama nilivyomfundisha kwa rula.

“Njo mimi.”

Nikamwambia yote, na daftari, na samaki, na “pita bwana”. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alirudi kwenye vitufe, akafuta neno stesheni, akaandika mahali penyewe, na penye shahidi akaandika jina langu lote bila kukosea hata herufi. Akachapisha, akanipa kalamu, nikatia sahihi. Saa tisa alasiri alivuka mto na begi lake, akaenda kwa mama yake Kibombo. Ufunguo wa sekretaria aliuacha juu ya imprimanti.

Kesho yake asubuhi mteja wa kwanza alinipa flashi. Nikachomeka, nikangoja. Skrini haikuingia giza. Nikachomoa, nikachomeka tena, faili likafunguka moja kwa moja. Alikuwa ameshusha kijiti mpaka chini kabla ya kuondoka.

“Leo uko mwepesi, mama,” mteja akasema.

Kijiti hicho ninajua kiko wapi, alinionyesha mwenyewe mara nyingi. Sijakipandisha. Wateja wameanza kurudi, foleni inatembea vizuri, na kutwa nzima hakuna kinachoniuliza kitu.