Mkia wa Msafara

Kule ziwani, juu milimani, walimwita Mkia, na hakuna aliyekusudia tusi. Kwa miaka kumi na tisa alitembeza wageni kwa kayaki, na siku zote alikaa nyuma ya wote. Kiongozi wa mbele huona mandhari, alikuwa akisema, wa nyuma huona watu. Kila baada ya mapigo ishirini ya kasia hugeuza shingo kuhakikisha hakuna aliyesalia, na tabia hiyo humfuata mpaka nchi kavu, hata akienda dukani peke yake kununua chumvi. Mkewe huniambia siku ya mazishi atageuka ndani ya jeneza aone nani kachelewa.

Mwaka huu ukaja utaratibu mpya: asiye na cheti haongozi wageni. Mtihani ni kuzunguka kisiwa peke yako ndani ya dakika hamsini. Ukizidisha, kazi huna. Msimamizi aliyeteuliwa ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kasia. Dada mtu alimpigia simu kumtuliza kwamba damu nzito kuliko maji. Mkia akajibu kwamba maji anayajua. Damu ndiyo hana hakika nayo.

Watahiniwa walikuwa wawili: Mkia na mwalimu wa hesabu aliyechoka na chaki. Walipaswa kuachana kwa dakika tano, kila mmoja na saa yake. Mpwa akataka kuonyesha adabu.

"Mjomba, wewe mkubwa. Tangulia."

"Nimezoea nyuma."

"Leo wewe ni mtahiniwa, si mchunga mbuzi."

Wakacheka. Heshima haikataliwi, Mkia akatangulia.

Asubuhi ilikuwa shwari, na maji baridi kiasi kwamba tone moja shingoni lilitosha kukufanya umkumbuke mama yako. Alikwenda vizuri, mbele ya muda. Alipokaribia kona ya kisiwa akageuza shingo, si kwa kutaka, ni mazoea tu. Kayaki ya mwalimu ilikuwa tumbo juu. Pembeni yake kilielea kichwa na jaketi la rangi ya chungwa.

Kanuni walisomewa asubuhi ile ile: mtahiniwa hamsaidii mtahiniwa. Piga filimbi, endelea, boti ya uokoaji itakuja. Mkia akapiga filimbi. Akavuta kasia mara mbili kwenda mbele. Gatini wanaume wawili walikuwa wakivuta kamba ya mashine ya boti, na mashine ikikohoa na kunyamaza. Katika maji yale vidole huacha kushika kabla hujamaliza kusali. Akageuza kayaki.

Alimkuta mwalimu midomo imebadilika rangi. Akaipindua kayaki ya mwalimu, akaishikilia ubavuni mwa yake, akampandisha, akamwambia apige kasia kwa nguvu ili damu ipate moto. Mwalimu akakataa kurudi, alitaka kumaliza. Mkia akakaa nyuma yake, mahali pake, wakazunguka kisiwa pamoja na kufika gatini pamoja.

Mpwa akatazama saa. Mwalimu dakika arobaini na saba, amefaulu. Mjomba, hamsini na mbili.

Mwalimu, akitetemeka ndani ya blanketi, akasema hata mtoto wa darasa la pili angeona hesabu hiyo haiko sawa. Mpwa hakuinua macho kutoka kwenye fomu.

"Fomu haina mahali pa kuandika hilo, mjomba. Na boti ilikuwa njiani."

Boti ilikuwa bado imefungwa kamba.

"Ungepinduka wewe, ungefanyaje?" Mkia akauliza.

"Ningesubiri boti."

Mkia hakumkumbusha mpwa siku yeye mwenyewe alipopinduka karibu na kona ile ile, akiwa na miaka tisa, wakati ziwa zima halikuwa na boti ya mashine hata moja. Alivua jaketi, akalikamua, akalitundika.

Walimpa kazi ya stoo, kugawa majaketi. Jumatatu mwalimu alichukua wageni wanne, akaongoza kutoka mbele kama fomu inavyotaka. Mgeni wa mwisho, mama mmoja mnene asiyejua kasia lina pande mbili, alikuwa keshaanza kuachwa. Mkia alisimama gatini na funguo mkononi, akamtazama kitambo. Kisha akafunga stoo, akashika njia ya kwake. Mkewe alikuwa dirishani akimwona anavyopanda kilima. Aliniambia hakugeuza shingo hata mara moja.